Vitabu vya teknolojia vya kusikiliza: hadithi ipe masikio, mchoro uachie macho

Kuna ubishi mmoja hauishi, kwamba kusikiliza kitabu sio kusoma. Mtu akisema kamaliza kitabu cha saa ishirini huku anafua na kupanga nyumba anaambiwa hujasoma wewe, umesikiliza tu, utadhani kuna cheti kinatolewa mahali. Mi naona swali lenyewe linaulizwa vibaya kwa sababu jibu linategemea ni kitabu gani, na kwa sisi tunaopenda mambo ya teknolojia hapo ndo penye kazi, maana vitabu vyetu viko vya aina mbili ambazo hazifanani hata kidogo: kuna kinachokueleza kitu kinavyofanya kazi kwa michoro, majedwali na mistari ya msimbo, na kuna kinachokueleza nani alikitengeneza, kwa nini alikitengeneza hivi na sio vile, nani alimpinga, hela zilitoka wapi na kilikuja kuharibikia wapi. Cha kwanza ukikisikiliza unapoteza muda wako bure. Cha pili kinaingia kwa sikio vizuri sana, mara nyingine vizuri kuliko kwa jicho, na bahati nzuri hicho cha pili ndo ambacho watu wengi wa IT hawakisomi kabisa.

Kuna tafiti mbili watu huwa wanarushiana kwenye ubishi huu. Mwaka 2010 David Daniel na William Woody waliwapa wanafunzi makala ya kitaaluma ya saikolojia, wengine wakaisoma na wengine wakaisikiliza kama podikasti, afu wote wakapewa maswali, na waliosikiliza wakaachwa mbali. Mwaka 2016 Beth Rogowsky na wenzake wakafanya jaribio lao, kundi moja likasoma, lingine likasikiliza, lingine likafanya vyote viwili kwa pamoja, na matokeo hayakuwa na tofauti ya maana, hata walipoulizwa tena baada ya wiki mbili. Sasa angalia walichosoma hao wa 2016: ni Unbroken ya Laura Hillenbrand, maisha ya mkimbiaji wa Olimpiki aliyekuja kuwa mfungwa wa vita, yaani ni hadithi yenye mtu, hatari, na kitu kinachofuata baada ya kingine. Wale wa 2010 walipewa makala ya kitaaluma. Najua tafiti hizi zinatofautiana kwa mengine pia, hazijapangwa ili zilinganishwe, ila mtu yeyote aliyewahi kusikiliza vitabu kwa muda mrefu atakwambia hicho hicho: hadithi inabaki, maelezo ya vipengele yanamwagika.

Na sababu yake haihitaji uprofesa. Jicho likikwama kwenye sentensi linarudi nyuma lenyewe, haraka, wala hata hujui kama limerudi. Sikio haliwezi, mpaka utoe simu mfukoni, ubonyeze kurudi sekunde 30, utafute pale ulipopotea, na ukifanya hivyo mara nyingi unachoka unaacha kitabu. Hadithi inakuvumilia ukipotea kidogo, kwa sababu aliyekuwa anamfukuza mwenzake bado anamfukuza, ukirudi unawakuta njiani. Maelezo ya jinsi namba inavyohifadhiwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta hayakusubiri, ukikosa hatua moja zote zinazofuata ni kelele.

Kwa hiyo mtu akiniuliza aanze na kipi, jibu langu ni The Cuckoo's Egg ya Cliff Stoll, ya mwaka 1989, na sijali kama mashine zake ni za kizamani. Stoll alikuwa mwanaastronomia, hela za utafiti wake zikaisha, wakamhamishia kitengo cha kompyuta pale maabara ya Lawrence Berkeley, California, na mwaka 1986 akapewa kazi ndogo ya kumzoesha ofisi: hesabu za matumizi ya kompyuta hazikubaliani, kuna upungufu wa senti 75, tafuta umetoka wapi. Senti 75! Mtu mwingine angeziandikia zimepotea akaendelea na maisha. Yeye akafuata akakuta kuna mtu katumia sekunde kadhaa za mashine bila akaunti halali, akafuata tena akakuta mtu huyo anapitia kompyuta zao kwenda kuchungulia mifumo ya jeshi la Marekani, na kuanzia hapo ni kuwinda. Alikusanya printa na vituo vya kompyuta vya wenzake wikiendi moja, akaviunganisha kwenye laini za simu zinazoingia, akalala hapo hapo chini ya meza, ili kila herufi anayoandika mdukuzi ichapwe kwenye karatasi. Afu kuna sehemu moja tamu sana, simu ilikuwa inakatwa kabla mafundi hawajamaliza kuifuatilia, kwa hiyo wakatunga mafaili ya uongo yanayohusu mradi wa ulinzi, marefu makusudi, ili jamaa akae kwenye laini akiyasoma. Akakaa. Wakafika mpaka Hannover, Ujerumani, na ikaja kujulikana habari zilikuwa zinauzwa kwa KGB, shirika la ujasusi la Urusi ya Kisovieti.

Hicho kitabu kinakufundisha kumbukumbu za mfumo (logi) ni nini, kwa nini unaziangalia, kwa nini nywila za kiwandani ambazo hakuna aliyezibadilisha ni mlango wazi, na hakuna hata sehemu moja anakukalisha chini akakwambia leo tunajifunza usalama. Unajifunza kwa sababu unataka kujua jamaa atakamatwa au hatakamatwa. Ndo faida ninayoisema.

Kinachofuata baada ya hapo, kwa maoni yangu, ni Sandworm ya Andy Greenberg (2019), hapo sasa umetoka kwenye mdukuzi wa kukodiwa umeingia kwenye mataifa. Sehemu kubwa inahusu Ukraine, umeme kuzimwa kwa kompyuta, mpaka Juni 27, 2017 ambapo kirusi cha kompyuta kilichopewa jina NotPetya kilitoka kupitia sasisho la programu ya uhasibu iliyokuwa inatumika sana nchini humo, kikavuka mipaka siku hiyo hiyo kikaangusha makampuni duniani kote. Serikali ya Marekani ilikadiria hasara kuwa zaidi ya dola bilioni 10. Kampuni ya meli ya Maersk ikapata kipigo cha ajabu, maana hawa wakati ule walikuwa karibu sehemu moja ya tano ya uwezo wa usafirishaji wa makontena duniani, na ghafla mageti ya bandari hayajui kontena gani ni la nani.

Ngoja nikae hapa kidogo kwa sababu ndo kipande ambacho kila mtu anayefanya kazi na seva angetakiwa akisikie. Mtandao wa kampuni kubwa unakuwa na seva zinazotunza ramani yake yote na kuamua nani anaruhusiwa kuingia wapi. Maersk walikuwa nazo kama 150 hivi, zimetawanywa, na kila moja ilikuwa ni nakala ya nyingine, kwa hiyo wazo lilikuwa zuri kabisa, ikifa moja nyingine zipo. Kitu ambacho hakuna aliyekifikiria ni zote kufa kwa wakati mmoja. Zikafa zote. Wakawa na nakala rudufu za data nyingine, ila hiyo ramani hawana, na bila hiyo huwezi kuinua chochote. Wakapiga simu ofisi moja baada ya nyingine mpaka wakaipata moja iliyopona, iko Ghana, na imepona kwa sababu umeme ulikuwa umekatika kabla kirusi hakijafika, mashine ikawa imezimika, haipo mtandaoni. Kukatika umeme! Intaneti ya pale ilikuwa nyembamba, kuituma data ile mpaka Uingereza kungechukua siku nyingi, wakasema basi mtu aje na diski mkononi, kumbe wafanyakazi wa Ghana hakuna mwenye viza ya Uingereza, ikabidi mmoja apande ndege mpaka Nigeria akamkabidhi mwenzake uwanjani, huyo ndo akaruka nayo mpaka London. Baadaye mwenyekiti wa kampuni alisema hadharani kwamba waliweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 ndani ya siku kumi.

Msomee mtu slaidi inayosema "weka nakala rudufu nje ya mtandao", hatakumbuka kesho. Msimulie hiyo diski ya Ghana, hataisahau, na atakuwa ameelewa kwa nini nakala 150 zilizounganishwa zinaweza kuwa sawa na nakala moja tu.

Sasa tuje kwenye vifaa, maana kuna watu hawataki habari za wadukuzi wanataka chuma. The Soul of a New Machine ya Tracy Kidder ilitoka 1981 na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Pulitzer, inahusu timu ya kampuni ya Data General iliyokuwa inajenga kompyuta ya biti 32 kwa haraka ya kufa mtu, vijana wengi wametoka chuo juzi, kiongozi wao Tom West hasemi mengi. Kuna sehemu West anaenda kisiri kwenye mji ambao hautajwi, kuna mtu ana mashine ya VAX ya washindani wao, anaifungua, anatoa bodi moja moja anazihesabu, na anatoka pale akiwa ameamua kwamba mashine ile ni ngumu kupita kiasi na kwamba ugumu wake unafanana na kampuni iliyoitengeneza, ina urasimu. Mi naona hiyo ni moja ya fikra bora kabisa zilizowahi kuandikwa kuhusu uhandisi, kwamba kifaa kinabeba tabia za ofisi iliyokizaa, na ukishaisikia utaanza kuiona kwenye kila aplikesheni uliyo nayo. Kuna pia mhandisi aliyekuwa anapambana na matatizo yanayopimwa kwa nanosekunde, yaani sehemu ya bilioni ya sekunde, siku moja akaacha ujumbe kwenye kompyuta yake kwamba anaondoka, anaenda kuishi kwenye jumuiya ya watu wanaoishi pamoja jimbo la Vermont, na kuanzia hapo hashughuliki na kipimo chochote cha muda kilicho kifupi kuliko msimu.

Chip War ya Chris Miller (2022) ni ya mtu anayetaka kuelewa kwa nini nchi kubwa zinagombana kuhusu chipu, hivi vipande vya silikoni vinavyoendesha kompyuta na simu. Utasikia habari za Morris Chang, aliyefanya kazi kampuni ya Texas Instruments ya Marekani miaka mingi, akakosa cheo cha juu kabisa, akaja kuitwa Taiwan na mwaka 1987 akaanzisha TSMC kwa wazo ambalo wakati ule wengi waliliona la ajabu, kiwanda kinachotengeneza chipu za watu wengine tu, chenyewe hakibuni hata moja. Na utasikia kuhusu mashine za kutengenezea chipu za kampuni ya ASML ya Uholanzi, hapa tulia kabisa: wanadondosha matone ya bati yenye upana wa mikromita 30, leza inalipiga kila tone mara mbili, pigo la kwanza linaliandaa na la pili linaligeuza kuwa plazima, aina ya gesi inayowaka, yenye joto kuliko uso wa jua, na hilo linafanyika mara 50,000 kwa sekunde, ili tu upatikane mwanga wa kuchorea transista, zile swichi ndogo ndogo za ndani ya chipu. Kipande hicho kinaeleweka kwa sikio kwa sababu kina mpangilio wa tukio, kitu kinadondoka, kinapigwa, kinawaka. Ila kitabu hiki kina majina mengi, Wamarekani, Wajapani, Wataiwani, Wakorea, na hapo sikio linaanza kulemewa. Ushauri wangu ni uwe na orodha ya sura mbele yako, au uandike majina matatu manne unayoona yanarudi rudi, maana jina la kigeni usilojua linaandikwaje halishiki kichwani hata usikilize mara ngapi.

Ambacho sikushauri kabisa ukisikilize ni kitabu kama Code ya Charles Petzold, cha 1999, ambacho mi nakipenda mno, kinaanzia kwenye watoto wawili wanaotumiana ishara kwa tochi kinaenda mpaka kwenye kompyuta nzima, ila kinajengwa kwa michoro ya saketi, mchoro mmoja umekaa juu ya mwingine, ukiuondoa umeondoa kitabu. Hicho nunua karatasi. Vitabu vya kufundisha lugha za programu ndo kabisa, kusomewa msimbo kwa sauti ni kama mtu anakuelekeza nyumba kwa simu kwenye mtaa ambao hujawahi kufika, fungua mabano, nukta, funga mabano, shuka mstari, na wewe umeshika usukani. Hata Ghost in the Wires ya Kevin Mitnick (2011), aliyekuwa mdukuzi maarufu, ambayo ni nzuri sana kusikiliza kwa sababu jamaa alikuwa anaingia kwenye mifumo kwa kudanganya watu kwa mdomo zaidi kuliko kwa kibodi, kila sura kwenye karatasi inaanza na fumbo la herufi zilizofichwa, na mafumbo hayo ni ya macho, ukitaka kuyafungua utahitaji kitabu chenyewe.

Huyo Mitnick anasomwa na Ray Porter, na hapa niseme jambo ambalo wapenda teknolojia wengi hawalipi uzito, msimulizi ni nusu ya kitabu. Watu wanaangalia jina la mwandishi na nyota, wanalipia, afu dakika ya kumi wanagundua sauti haivumiliki, na saa 12 zimebaki. Sikiliza sampuli kwanza, kila duka lina sampuli, na usisikilize utangulizi tu, kama sampuli ina mazungumzo ya watu wawili sikia anavyowatofautisha. Porter huyo huyo ndo aliyesoma Project Hail Mary ya Andy Weir (2021), riwaya ya mwalimu wa sayansi anayeamka ndani ya chombo cha angani hajui hata jina lake, na kwenye tuzo za Audie, tuzo za vitabu vya sauti, za 2022 ndo ilichukua kitabu cha sauti cha mwaka. Hapa hata mimi ninayesema karatasi ina nafasi yake nasema sikiliza, kwa sababu kuna mhusika mmoja, simtaji nisikuharibie, ambaye lugha yake waandaaji wa sauti waliitengenezea kitu ambacho ukurasa hauwezi kukupa.

Kuna wakati mwandishi mwenyewe kusoma kunazidi mwigizaji yeyote. Joy Buolamwini alisoma mwenyewe kitabu chake Unmasking AI (2023). Ni yule mtafiti wa chuo cha MIT cha Marekani aliyekuta kamera ya kompyuta haioni uso wake mpaka avae kinyago cheupe, na utafiti wake wa 2018 ukaonyesha mifumo ya makampuni makubwa ya kutambua jinsia ya mtu kwa uso ilikuwa inakosea mpaka asilimia 34.7 kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, wakati kwa wanaume weupe kosa halikuzidi asilimia 0.8. Hizo namba unaweza kuzisoma popote. Kumsikia mwenye uso huo akisema kwa sauti yake mwenyewe namna alivyovaa kinyago ndo kilichonishika, na nadhani mtu yeyote anayefundisha mashine kwa picha za watu angefaa akisikie kabla hajakusanya data yake.

Hapo hapo ongeza Hidden Figures ya Margot Lee Shetterly (2016) inayosomwa na Robin Miles, wanawake weusi waliokuwa wanapiga hesabu za ndege na baadaye za safari za angani pale kituo cha utafiti cha Langley, Marekani, wakati neno kompyuta lilikuwa bado ni jina la kazi ya mtu. Dorothy Vaughan aliona mashine zinakuja, akajifunza FORTRAN, lugha ya programu, na kuwafundisha wenzake kabla hawajaachishwa kazi. Katika vitabu vyote nilivyovitaja hapa hicho ndo ningempa kijana anayeogopa kwamba akili bandia itamnyang'anya ajira. Na The Boy Who Harnessed the Wind ya William Kamkwamba na Bryan Mealer (2009) sihitaji kuipigia debe sana, kijana wa Malawi aliyeacha shule kwa kukosa ada wakati wa njaa, akaenda maktaba ya shule ya msingi, akakuta kitabu cha nishati, akajenga kinu cha upepo kwa baiskeli, feni ya trekta na dinamo. Wengi wanaijua kwa filamu. Kitabu kina maelezo ya namna alivyopata kila kipande, na namna alivyokosea waya, ambayo filamu haina nafasi nayo.

Spidi. Watu wanajisifia kusikiliza mara mbili ya kawaida, mara tatu, na kiteknolojia ni jambo zuri kweli maana programu inakata sauti vipande vidogo vya milisekunde chache na kuvipandishia kimoja juu ya kingine ili mtu aongee haraka bila kugeuka kuwa na sauti ya katuni. Ila jiulize unakimbilia wapi. Watayarishaji wanakadiria saa moja ya kitabu ni maneno kama 9,300, yaani mtu anaongea maneno 155 kwa dakika, polepole kidogo kuliko mazungumzo ya kawaida, kwa hiyo kuongeza mpaka 1.25 hakuumizi chochote na kama lugha ya kitabu unaimudu hata 1.5 inakwenda. Zaidi ya hapo kwenye kitabu cha lugha ambayo sio yako unabaki na mada tu. Na vingi vya hivi ni vya Kiingereza, tusijifanye hatulioni hilo, kwa hiyo msikilizaji wa Kiswahili anayechuja lugha na maudhui kwa pamoja ana haki ya kubaki spidi ya kawaida bila kuona haya. Kuhusu nafasi kwenye simu, piga hesabu mwenyewe: sauti ya maongezi ikibanwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde, saa kumi ni kama MB 288, ikibanwa kwa 32 ni nusu yake, na kwa maongezi hiyo 32 haikeri. Pakua ukiwa na Wi-Fi, usistrimu kitabu cha saa 20 kwa bando.

Inafaa pia kujua kwamba hiki kitu hakikuanza na simu. Edison alipotengeneza fonografu 1877, mwaka uliofuata aliorodhesha matumizi yake na mojawapo likawa vitabu vitakavyosomea wasioona, ila mtambo wake ulishika dakika chache tu. Ilikuja kuwa kweli miaka ya 1930, kwanza Marekani na baadaye kidogo Uingereza, kwa sahani za santuri zilizokuwa zinatumwa kwa wasioona, riwaya moja unapokea furushi la sahani na kila baada ya robo saa hivi unageuza. Kwa hiyo wanaosema kusikiliza sio kusoma wakumbuke hii njia ilitengenezwa kwanza kwa watu ambao ndo ilikuwa njia yao ya kufika kwenye kitabu bila Braille, yale maandishi ya nukta za kupapasa, na wapo mpaka leo, na baadhi yao ni waandishi wa programu wazuri tu wanaosomewa skrini nzima na kompyuta kwa spidi ambayo wewe na mimi hatuelewi hata neno.

Suala la sauti za kompyuta siwezi kuliruka. Mwanzoni mwa 2023 Apple walianza kuuza vitabu vilivyosomwa na sauti ya mashine na wengine wakafuata, na zimekuwa nzuri, sentensi moja moja huwezi kutofautisha. Tatizo linaonekana kwenye sura nzima. Msimulizi wa kweli anajua senti 75 za mwanzoni mwa kitabu cha Stoll zitakuja kuwa kitu kikubwa, kwa hiyo anazisema kwa namna fulani ili uzikumbuke, mashine inazisema sawa na inavyosema tarehe. Kwa nyaraka za kazini, ripoti, makala ndefu uliyoihifadhi hujapata muda wa kuisoma, mi naona itumike bila wasiwasi wowote, na kwa lugha ambazo hakuna kampuni itakayolipa studio ni msaada mkubwa, sisi tukiwemo. Ila naomba sana isije ikawa kisingizio cha kutowalipa wasomaji wa Kiswahili pale ambapo hela ipo. Watu wenye sauti tunao, redio zimejaa, na hadithi za kusikilizwa tulikuwa nazo kabla ya chochote kilichotajwa hapa.

Kama huna hela ya usajili na unataka kujaribu kwanza, nenda LibriVox, mradi ulioanzishwa na Hugh McGuire mwaka 2005 ambapo watu wa kujitolea wanasoma vitabu ambavyo hakimiliki yake imeisha, bure kabisa na kisheria, ubora wake unapanda na kushuka kutegemea nani kasoma. Wengi hukimbilia The Time Machine ya H. G. Wells, ni nzuri, lakini mi ningeanza na The Machine Stops ya E. M. Forster, hadithi ya 1909 ambayo watu wanaishi kila mmoja chumbani kwake chini ya ardhi, wanaongea kwa kuonana kwenye kioo, wanaletewa kila kitu kwa kubonyeza kitufe, na mtambo unaowalisha ukianza kuharibika kidogo kidogo wanauzoea ubovu, kwanza muziki unakoroma, afu maji ya kuoga yananuka, na hakuna aliyebaki anayeujua mtambo mzima ili autengeneze. Haifiki maneno 13,000, kwa spidi ya kawaida ni saa moja na ushee, unaimaliza kwa mkupuo mmoja wa kufua nguo.